Kugeuza video za harusi na za familia kuwa H.265: maswali ninayoulizwa kila mara

Napiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga, na kabatini mwangu mna diski za nje zenye mafaili ya kuanzia mwaka 2009. Watu huniletea na za kwao: DVD za maulidi, kadi za kamera ya marehemu baba, simu zilizojaa hadi zinagoma. Wote wanataka nafasi ipatikane na kumbukumbu isipotee. Inawezekana, ila kwa masharti, na hayo ndiyo ninayoyaeleza hapa.

H.265 ni nini? Si ndiyo MP4?

MP4 ni sanduku. H.265 ni namna nguo zilivyokunjwa ndani ya sanduku. Sanduku moja la MP4 linaweza kubeba picha zilizobanwa kwa H.264, kwa H.265 au kwa AV1, na sauti ikiwekwa kando yake. MKV na MOV nayo ni masanduku. Ile namna ya kukunja ndiyo tunayoiita kodeki, na kodeki ndiyo inayoamua faili litakuwa zito kiasi gani.

H.264 ilipitishwa mwaka 2003, na kamera na simu nyingi zilizopita mikononi mwetu zilirekodi kwa hiyo. H.265 ikafuata mwaka 2013. Jina lake jingine ni HEVC, kwa hiyo ukikutana na majina yote mawili usihangaike, ni kitu kimoja.

Nikibadilisha jina la faili kutoka .mts kuwa .mp4, haitoshi?

Haitoshi. Umebandika karatasi mpya juu ya sanduku lilelile. Uzito haupungui hata baiti moja, na baadhi ya vifaa vitakataa kulifungua.

Faili linapunguaje hadi nusu na picha ibaki vilevile?

H.264 huigawa kila picha katika vigae vya pikseli 16 kwa 16. Chukua ukumbi uliotandazwa kitambaa cheupe ukuta mzima: vigae mamia kwa mamia vinabeba habari ileile. H.265 inaruhusu kigae kifike pikseli 64 kwa 64 mahali patupu, kisha inakikatakata vipande vidogo pale penye nakshi, kama mkono wa bibi harusi wenye hina. Tena inakisia vizuri zaidi. Ndani ya picha moja ina njia 35 za kukisia pikseli kutokana na majirani zake, ilhali H.264 kwenye vigae vyake vidogo ina 9. Walioiunda walikusudia ifikie ubora uleule kwa nusu ya uzito, na kwa video kubwa, za 1080 na za 4K, mara nyingi inakaribia hapo.

Ila "vilevile" si neno sahihi. Kila ugeuzaji unatupa kitu. Kodeki mpya haikuwapo ukumbini. Inachokisoma ni kile ambacho H.264 ilikibakiza, halafu na yenyewe inapunguza tena. Ukigeuza mara moja kwa mpangilio mzuri, jicho halitaona kilichoondoka. Ukigeuza leo, mwakani ukageuza ile iliyogeuzwa, na mwaka wa tatu ukairudia, nyuso zinaanza kulainika kama zimepakwa nta na nakshi za kanga zinayeyuka. Ndiyo maana nasisitiza: geuza mara moja, na utoe kwenye faili la kamera lenyewe, usitoe kwenye nakala ya nakala.

Basi nigeuze video zangu zote?

Usifanye hivyo. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza usiku na umeme bila faida.

Kwanza jua faili lako likoje. Lifungue kwa VLC, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, utaona kodeki. Programu ya MediaInfo, ambayo ni ya bure, inaonyesha zaidi, hasa kasi ya biti, yaani megabiti ngapi zinatumika kila sekunde. Shika hesabu hii kichwani: megabiti 1 kwa sekunde ni sawa na MB 450 kwa saa. Kamera za AVCHD, zile zinazotoa mafaili ya .MTS, nyingi zilifika hadi megabiti 24 kwa sekunde. Hiyo ni karibu GB 11 kwa saa. Harusi ya saa nne kuanzia nikahi hadi ukumbini inakula zaidi ya GB 40.

Hayo ndiyo ya kugeuza: MTS za kamera za mkononi, MOV nzito za kamera za picha, rekodi za H.264 zenye kasi kubwa kuliko zinavyohitaji. Kwangu saa moja ya MTS mara nyingi huishia kati ya GB 2 na 4, kutegemea mwanga wa ukumbi na wingi wa watu wanaocheza.

Video zilizokuja kwa WhatsApp ziache. Zimeshabanwa vya kutosha, na ukizibana tena utaokoa kidogo na kuharibu sana. Video za simu ambazo tayari ni H.265 nazo ziache. iPhone kwa mfano, kuanzia iPhone 7 yenye iOS 11 ya mwaka 2017, zinaweza kurekodi kwa kodeki hiyo moja kwa moja. Pia kama faili ni la saa moja na lina MB 700, hapo hapana cha kukamua.

Kwa nini usinishauri AV1? Nasikia ndiyo mpya zaidi.

Ni kweli ni mpya zaidi. Ilitolewa mwaka 2018 na muungano wa kampuni kadhaa, Google na Mozilla zikiwamo, ili iwe kodeki isiyodaiwa malipo ya hataza, jambo lililoisumbua H.265 tangu mwanzo. Inabana vizuri kuliko H.265, hasa kwenye kasi ndogo ya biti. HandBrake, programu ya kugeuza ninayoieleza hapa chini, inaweza kuitoa kuanzia toleo la 1.6.

Swali langu kwako ni moja: nani ataitazama, na kwa kifaa gani? Familia ninazozihudumia zinachomeka flashi kwenye televisheni ya sebuleni. Televisheni ya 4K kwa kawaida inaisoma H.265. AV1 ni televisheni za karibuni tu. Kwa diski unayoifungua wewe mwenyewe kwa kompyuta mpya, AV1 ni chaguo zuri. Kwa kumpa mama mkwe, nabaki na H.265.

Nitumie programu gani?

HandBrake. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haikubandikii nembo juu ya picha kama wanavyofanya wengine. Ishushe kwenye tovuti yake rasmi, handbrake.fr. Mwezi Mei 2017 seva mojawapo iliyokuwa ikigawa toleo la Mac iliingiliwa na wadukuzi, wakaweka faili lenye virusi kwa siku kadhaa. Wenyewe wakatangaza na kuwaeleza watu jinsi ya kuhakiki. Ikiwa hilo liliweza kutokea nyumbani kwao, fikiria kwenye tovuti usizozijua.

Niweke mipangilio gani ndani ya HandBrake?

Kwenye kichupo cha Video, chagua kodeki iliyoandikwa H.265 10-bit (x265). Chini yake acha ubora usiobadilika, ule mshale wenye herufi RF, usichague kasi ya biti ya kudumu. RF inaiambia programu: linda ubora huu, uzito utakuja wenyewe. Namba ikishuka, ubora na uzito vinapanda. Wenye HandBrake wanapendekeza RF 20 hadi 24 kwa video ya 1080, 18 hadi 22 kwa zile ndogo za DVD, na 22 hadi 28 kwa 4K. Kwa harusi mimi natumia 21. Kisha mwendo wa kazi weka Slow. Ukiweka Very Slow utasubiri muda mrefu mno kwa faida ndogo.

Kwa nini biti 10 wakati kamera yenyewe ilirekodi biti 8? Biti hapa ni kipimo cha ngazi za rangi na kivuli: zikizidi, ngazi zinakuwa nyingi na laini zaidi. Nitakueleza nilivyojifunza. Nilikuwa nageuza usiku wa kuamkia harusi, chumba kina taa moja ya manjano, na katikati kuna chetezo cha udi. Moshi unapanda taratibu mbele ya ukuta wenye kivuli. Kwenye faili la kamera ule moshi ulikuwa laini. Kwenye nakala ya biti 8 ukuta uligawanyika ngazi ngazi, mviringo ndani ya mviringo, kama alama za maji yanayokauka sakafuni, na moshi ukawa mabaka yanayorukaruka. Nikarudia kwa biti 10 bila kugusa kitu kingine, ngazi zikapotea karibu zote. Giza linalofifia polepole ndilo jaribio gumu kwa kodeki yoyote, na harusi zetu zina giza hilo tele.

Kwa hiyo kabla ya kugeuza saa nne nzima, geuza dakika mbili. HandBrake inakuruhusu kuchagua kipande kwa sekunde. Usichague hotuba ya mjomba aliyesimama tuli. Chagua pale penye tabu: moshi wa udi, shanga zinazometameta, taa za rangi zinazozunguka, wanawake wanatuza na noti zinapepea. Kipande hicho kikipita, vingine vyote vitapita.

Video ya kamera ya zamani ikigeuzwa inatoa mistari kama meno ya chanuo. Nimekosea wapi?

Hukukosea, ila kuna hatua umeiruka. Kamera nyingi za zamani hazikupiga picha nzima kwa mara moja. Zilipiga kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, mara 50 kwa sekunde kwa mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia huku. Televisheni za zamani zilichora hivyohivyo, kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro. Kompyuta inaziunganisha nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, na mkono wa mchezaji uliokuwa umeshasogea unatoka na meno pembeni.

Nenda kwenye kichupo cha Filters, sehemu ya Deinterlace, chagua Bwdif na aina ya Bob. Hapo kila nusu inajengwa kuwa picha kamili, na video inatoka na fremu 50 kwa sekunde badala ya 25. Ukitaka fremu 25 uchague aina ya kawaida, lakini kwa ngoma na kwa msewe naiona tofauti kubwa: kwa 50 miguu inateleza kama ilivyoteleza siku ile, kwa 25 inadundadunda.

Hili fanya sasa, wakati wa kugeuza. Meno yakishabanwa ndani ya H.265, kuyatoa baadaye vizuri ni shida.

Kwa nini saa moja ya video inachukua usiku kucha?

Kwa sababu x265, ile programu inayobana H.265 ndani ya HandBrake, inajaribu njia nyingi kwa kila kigae kabla ya kuchagua iliyo nyepesi, na yote hiyo inafanywa na prosesa. Kompyuta mpakato ya miaka kumi iliyopita inaweza kutumia saa sita au nane kwa saa moja ya 1080. Iweke juu ya meza, si juu ya kitanda, feni ipate hewa. Joto letu la Februari si la kuchezea. Kompyuta ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe, na kazi ya saa sita inakuwa ya saa tisa.

Kadi ya grafiki inamaliza kwa dakika 20. Kwa nini nisiitumie?

Itumie, ukijua unachokilipa. Mtambo wa kubana ulio ndani ya kadi za NVIDIA, au ule wa Intel unaoitwa Quick Sync, unafanya haraka kwa kuruka majaribio mengi. Kwa uzito uleule, picha yake inakuwa chini kidogo ya x265 ya Slow. Kwa ubora uleule, faili linakuwa kubwa zaidi. Mteja akitaka aone video kesho asubuhi, natumia kadi. Kwa nakala ya kuhifadhi miaka 20, naiachia prosesa usiku mzima.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

HandBrake haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Na kama ulikuwa unatoa MP4, kile kipande kilichokwisha andikwa kwa kawaida hakifunguki, kwa sababu faharasa ya faili huandikwa mwishoni kabisa. MKV ina uvumilivu zaidi, mara nyingi unaweza kutazama hadi pale ilipokatikia. Mahali ambapo umeme hauaminiki, tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, na panga mafaili mafupi mafupi kwenye foleni ili ukipoteza upoteze moja. Faili la asili halidhuriki kwa vyovyote, linasomwa tu.

Sauti inaachana na midomo baada ya kugeuza.

Mara nyingi ni video ya simu. Simu haishiki fremu 30 kamili kila sekunde. Gizani inashuka, mwangani inapanda. Programu za kuhariri zinachanganyikiwa. Kwenye kichupo cha Video chagua Same as source kwa idadi ya fremu, kisha Constant Framerate, hasa kama faili litaingia kwenye uhariri.

Nimegeuza vizuri lakini televisheni ya nyumbani inatoa sauti bila picha.

Televisheni yako haiijui H.265, au haijui ya biti 10. Zile za HD za zamani ndivyo zilivyo. Itolee nakala ya pili ya H.264 kwa ajili ya kutazama, ukiitoa kwenye faili la asili. Kama inakataa flashi yenyewe, angalia ilivyofomatiwa: FAT32 haipokei faili lenye kufika GB 4, exFAT inapokea.

Kwa kompyuta ya Windows inayokudai ununue kiongezo cha HEVC dukani kwao, weka VLC. Ina kila kinachohitajika ndani yake, bure. Na kwa iPhone, faili la MP4 lenye H.265 linatakiwa liwe na alama ya hvc1. HandBrake inaiweka yenyewe, kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, unaiandika.

Unaweza kunipa amri ya FFmpeg?

Hii ndiyo ninayoitumia kwa MTS:

ffmpeg -i 00000.MTS -vf bwdif -c:v libx265 -crf 21 -preset slow -pix_fmt yuv420p10le -tag:v hvc1 -c:a aac -b:a 192k nikahi.mp4

Usipoandika -crf, yaani ile RF ya HandBrake, x265 inatumia 28, ambayo kwa harusi ni kubana kupita kiasi.

DVD za zamani nazo nizigeuze?

Ndiyo, kabla diski yenyewe haijafa. DVD za kuchoma nyumbani zinachakaa hata zikikaa kabatini. Nimepokea nyingi zilizotoka rangi pembeni na hazisomeki kuanzia katikati. Nakili kwanza folda nzima ya VIDEO_TS kwenye kompyuta, hilo ndilo la haraka. Kugeuza kunaweza kusubiri. Picha yake ni pikseli 720 kwa 576, kwa hiyo usiipandishe hadi 1080 ukidhani itang'aa. Utaongeza uzito tu.

Nikishageuza, nifute faili la asili lini?

Hili nalijibu polepole, kwa sababu liliniumiza.

Kamera za AVCHD hazirekodi saa nzima kwenye faili moja. Likifika GB 2, au GB 4 kwa nyingine, zinafunga na kuanza jingine: 00000.MTS, kisha 00001.MTS. Katika nikahi ya dada yangu niligeuza faili la kwanza, nikalitazama, likawa safi kabisa. Nikaifuta kadi kwa kuwa nilikuwa na kazi Jumamosi, nikarekodi juu yake. Wiki mbili baadaye dada akaniuliza ile dua ya bibi iko wapi. Ilikuwa kwenye faili la pili. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na sauti yake ya siku ile hatunayo.

Tangu hapo nafanya hivi. Nahesabu mafaili kwenye kadi na nahesabu dakika zake zote, kisha nalinganisha na dakika za kilichotoka. Zikitofautiana hata kwa dakika moja, natafuta. Yale yaliyokatwa na kamera nayaunganisha kwanza kabla ya kugeuza, kwenye Windows kwa amri ya copy /b 00000.MTS+00001.MTS nzima.MTS. Natazama mwanzo, katikati na mwisho kwa sauti, kwa kifaa ambacho si kompyuta iliyogeuza. Jina la faili nalianza na tarehe, 2011-12-17-nikahi, kwa sababu tarehe inayoonyeshwa na kompyuta baada ya kugeuza ni ya siku ya kugeuza. Nakala inakaa kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Halafu nampa mwenye harusi atazame yote, na kadi inakaa kwenye bahasha yenye jina lake mpaka anipigie simu kwamba ameifikia mwisho.